Viatu Vyekundu vya Mchekeshaji

Mzazi mwenzangu, yaani baba wa mume wa binti yangu, ni mtu mwema. Naanza na hilo ili nisionekane mchawi. Akija Tunduma kututembelea haji mikono mitupu, wajukuu anawabeba mgongoni na uzee wake wote, na chakula changu anakisifu hata siku nilipounguza maharage. Amekulia kule kwenye migodi ya shaba, upande wa pili wa mpaka, ambako baba yake alikuwa akifanya kazi. Kule walikuwa na televisheni wakati sisi huku kijiji kizima tunagombania redio moja ya balozi wa nyumba kumi. Basi akishashiba na kunyoosha miguu, huanza kukumbuka utoto wake. Na katika kukumbuka kwake kuna mahali akifika, mimi hunyanyuka nikatoka nje.

"Vipindi vya siku hizi si vipindi," husema. "Sisi tulikuwa na siku ya mchango bwana, mara moja kwa mwaka. Wachekeshaji wanazunguka mji kwa mji, watu wanacheka, wanatoa hela kwa ajili ya watoto walemavu, na sisi watoto tunawaona kwenye televisheni ya ukumbini. Raha mpaka mbavu zinauma, halafu unalala ukijua umesaidia mtu! Kulikuwa na mama mmoja wa kijijini, mshamba kweli kweli, alipanda jukwaani akamvua mchekeshaji viatu. Mwe! Na yule jamaa anamwambia, 'Nitakuja, mama, nitakuja hata kesho!'" Hapo hushika tumbo, machozi yakimtoka, na wajukuu wangu wanacheka kwa sababu babu yao anacheka.

Huyo mshamba kweli kweli ni mama yangu mzazi. Sijamwambia mzazi mwenzangu, na sidhani kama nitamwambia, kwa sababu binti yangu ana ndoa nzuri na mimi sitaki kuitia mchanga. Natoka tu, nazunguka nyuma ya jiko, natema mate. Kinyaa kinanijia hasa, kile cha kukaa kooni, na nikirudi ndani nawaambia moshi umenichoma macho. Leo acha niseme yote, maana nimechoka kutema mate.

Wakati huo tulikaa katika kijiji cha ujamaa nje kidogo ya Tunduma, nyumba zimepangwa mstari kama walivyoagiza wakubwa, shamba la kijiji upande huu, mashamba yetu mbali kule. Mpaka kwetu ulikuwa kitu cha maaskari. Sisi wenyewe tulikuwa watu wamoja huku na huku, shangazi anaolewa kule, kondoo wanavuka kwenda kunywa maji kule, na siku za soko mama anajitwika karanga na maharage tunavuka naye kwenda kuuza Nakonde. Wakati mwingine alirudi na sabuni, maana huku dukani kwa ushirika sabuni ilikuwa habari ya kusimuliwa.

Tulikuwa watoto wawili wa kike. Mimi mkubwa, na mdogo wangu ambaye alizaliwa na nyayo zimepinda kwa ndani, zote mbili, kiasi kwamba alitembelea ubavu wa mguu badala ya unyayo. Alikuwa anarusha kiwiliwili huku na huku ili asianguke. Mtoto mwenyewe alikuwa mchangamfu, mdomo hauna breki, na akikimbia utapenda. Lakini ngozi ya pale alipokanyagia ilipasuka kila kiangazi, mama akawa anampaka mafuta ya ng'ombe huku anamwimbia.

Kulikuwa na daktari wa misheni, Mzungu mrefu, alipita kijijini siku moja na gari la chanjo. Aliishika ile miguu akaipindapinda, akasema kupitia kwa muuguzi wake kwamba inaweza kunyooshwa. Hospitali yao ilikuwa milimani kule Ileje. Wangemfunga plasta ngumu, wakaifungua, wakamfunga tena, pengine wamkate kidogo kisiginoni, halafu avae viatu vyenye vyuma. "Lakini mapema," alisema. "Mifupa ikikomaa, basi." Mdogo wangu alikuwa hajang'oa hata meno ya mbele. Baba akasema tutauza dume letu la ng'ombe tukishavuna, mama akasema amina, na sisi wote tukaanza kuitazama ile miguu kwa macho mengine.

Ni kabla ya mavuno ndipo walipokuja watu wa televisheni.

Tulikuwa sokoni Nakonde, mama kakaa na karanga zake, mdogo wangu kaenda kuchota maji ya kunywa bombani. Mwanaume mmoja mwenye miwani myeusi akasimama kumwangalia. Akamwita mwenzake. Wakaongea kidogo, wakamfuata mama, wakampa na salamu nzuri ya heshima, mukwai huku mukwai kule, kama mtu anavyomsalimia mkwewe. Walisema kuna mchango mkubwa utafanyika ukumbini wiki hiyo, wachekeshaji wanatoka miji ya migodini, kutakuwa na kamera, na fedha itakayopatikana itawanunulia watoto kama huyu viatu vya chuma na matibabu. Wangependa mtoto apande jukwaani. Mama akauliza, "Kwa ajili ya matibabu?" Wakajibu, "Kwa ajili hiyo hiyo, mama."

Halafu wakamwambia mdogo wangu atembee mpaka bombani arudi. Akaenda, akarudi. Wakamwambia tena, haraka zaidi. Akaenda kwa mbio zake zile, akarudi anahema na kutabasamu, maana alidhani anashindana na mtu. Yule wa miwani akamwambia mwenzake kwa Kibemba, na mimi Kibemba cha sokoni nilikielewa vizuri kabisa, "Huyu huyu. Wale wa kliniki wanatembea karibu sawa na watu."

Ewe Mola, hebu fikiria. Watoto walioletwa na kliniki ya pale walikuwa hawajalemaa vya kutosha! Mimi nilikuwa mtoto, nikaona fahari, nikadhani mdogo wangu kashinda mashindano. Leo nikikumbuka ile sauti yake, ya mtu anayechagua mbuzi wa Krismasi, mate yananijaa mdomoni.

Na kinachonichefua zaidi ni kwamba siku ile ilikuwa tamu. Siwezi kudanganya. Ilikuwa mchana wa jua kali, tumeoga na sabuni, mama kavaa kitenge chake cha kanisani. Nje ya ukumbi kulikuwa na lori lenye jenereta linalonguruma, waya mnene unapita dirishani, na ndani taa zimewashwa mchana kweupe mpaka watu wakawa wanakinga macho kwa viganja. Tulipewa maji ya machungwa kwenye chupa, na biskuti. Kamera ilisimama kwenye miguu yake mitatu na mtu nyuma yake kajifunika, na wazee wa pale wakawa wanavua kofia kila ilipowageukia. Watu walijaa mpaka madirishani, wengine wamevuka kutoka Tunduma kama sisi.

Mchekeshaji mwenyewe alikuwa mtu mnene kwa mto aliofunga tumboni, kofia ndogo, na viatu vyekundu vikubwa ajabu, kila kimoja ungeweza kumlalisha mtoto mchanga. Alianguka, akainuka, akajidai anaogopa kuku, akajidai kuku ni askari wa forodha anayemtafuta na magendo yake. Hapo ukumbi ulipasuka, maana kila mtu mle ndani alikuwa na magendo yake. Mama alicheka mpaka akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

Halafu wakaita watoto. Bibi mmoja wa kamati, mwenye kofia yenye maua, akasimama na beseni la fedha upande wa pili wa jukwaa, akamwambia mdogo wangu amfuate achukue biskuti yake. Mdogo wangu akaanza kutembea. Na nyuma yake, kimya kimya, mchekeshaji akaanza kutembea naye.

Alimwiga. Alizikunja nyayo zake ndani ya vile viatu vyekundu, akarusha kiwiliwili vilevile, mkono ule ule hewani, kichwa kile kile. Ukumbi ulilia kwa kicheko. Mdogo wangu akageuka, yule akasimama wima akitazama darini kama hana habari. Mdogo wangu akaendelea, yule naye akaendelea. Akageuka tena ghafla akamkamata, na kwa kuwa alikuwa mtoto asiye na kinyongo, naye akacheka, akamnyooshea kidole. Watu wakawa wanatupa sarafu za ngwee kwenye mabeseni yaliyopitishwa katikati yetu, wanacheka huku wanatupa, wanatupa huku wanacheka. Yule wa kamera akasogea karibu zaidi na miguu.

Sasa hapa lazima nieleze jambo la kwetu, la sivyo mtamwona mama yangu vile anavyomwona mzazi mwenzangu.

Upande wa mama tuna watani wa ukoo. Utani wenyewe watu wengi wanaujua, lakini kwa ukoo wa mama ulikuwa na sheria zake. Ukipatwa na balaa, moto umeunguza ghala au umefiwa, mtani ndiye anayekuja kukucheka. Atakuigiza unavyolia. Kilema chako atakitembea mbele ya watu, na huruhusiwi kukasirika. Lakini akishakucheka, amejifunga. Kicheko chake ni sawa na kusema, shida hii nimeibeba mimi. Aliyekuigiza ukilia ndiye atakayechimba kaburi, aliyecheka ghala lako ndiye atakayeleta mbegu. Na ili asisahau, wewe unamnyang'anya kitu alichovaa palepale, shuka au kofia au shoka lake, unakwenda nacho nyumbani. Siku akitimiza, anakigomboa. Nimeona kwa macho yangu mtani aliyemcheka bibi yangu kwa upofu, akamlimia shamba mpaka bibi alipokufa. Mtu asiyekuwa mtani wetu hakuthubutu kabisa kucheka kilema cha mtu, maana angeuawa.

Basi mama, alipomwona mtu mzima, mbele ya watu wote, anatembea kilema cha mwanawe, hakuwa na njia mbili za kulielewa jambo lile. Kama si mtani, ni mwendawazimu. Na mwendawazimu asingepewa taa na kamera.

Alipiga kigelegele. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake, sikio lilinizibuka. "Kumbe tuna mtani hapa!" akasema kwa furaha ya kweli, machozi yakimtoka, akajifunga kitenge vizuri, akapita katikati ya watu mpaka jukwaani. Akamshika yule mtu mguu. Yule akashtuka, lakini alikuwa bingwa wa kazi yake, akajiangusha chali makusudi na kupiga yowe. Mama akavuta kiatu cha kwanza. Akavuta cha pili. Soksi zilikuwa na matundu, vidole vimechungulia, na ukumbi ulikuwa sasa unapiga miguu sakafuni.

Mama akasimama na viatu kifuani, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayepanga jambo, "Utavigomboa ukija kumbeba mwanangu. Kwetu ni Tunduma. Uliza popote."

Naye, chali vilevile, mikono ameikutanisha kama anayeungama, akamjibu, "Nitakuja, mama! Nitakuja hata kesho!"

Watu nusura wafe. Mabeseni yalijaa, yakaletwa mengine. Mama hakujali kicheko chao, kwenye utani watu hucheka. Yeye alikuwa amepata neno alilolitaka, tena mbele ya mashahidi.

Wakati wa kutoka, bibi wa maua alikuwa mlangoni na muuguzi wa kliniki, wanawaandikisha watoto wa kutibiwa. Tulipofika alimuuliza mama tunakotoka. Mama akasema Tunduma. Bibi akasikitika, nakumbuka alisikitika kwa adabu, akasema mchango huu ni wa watoto wa upande wao, sisi serikali yetu itatuangalia. Miguu ya mdogo wangu ilikuwa imewachangishia fedha mabeseni kwa mabeseni, lakini kumbe ilikuwa miguu ya ng'ambo. Sisemi fedha iliibiwa. Pengine iliwanunulia wale watoto wa kliniki viatu, na wanatembea navyo vizuri mpaka leo, Mungu awabariki. Nasema tu kwamba alimpa mdogo wangu biskuti ya pili, akampapasa kichwa, akaita anayefuata.

Mama hata hakubishana. "Haidhuru," alituambia njiani, viatu vyekundu kajitwika kichwani pamoja na kikapu. "Hao ni kamati tu. Sisi tuna mtu."

Tulisubiri.

Alivisugua vile viatu kwa jivu, akavifunga kwenye gunia akavipandisha darini juu ya moshi wa jiko panya wasivitafune, maana kitu cha mtani kikiharibika mikononi mwako aibu ni yako. Kila siku ya soko alipita kwa madereva wa malori yanayotoka migodini. "Hamjakutana na mtu mnene, mcheshi, anaulizia Tunduma?" Madereva wengine walicheka, wengine walimwambia mama huyo mtu tunamjua, yupo, mzima. Hilo lilimpa nguvu. Mdogo wangu alifundishwa namna ya kumpokea mgeni atakapofika, apige magoti, amwite mtani, halafu amtukane kidogo kwa upendo kama inavyotakiwa. Alikuwa anafanya mazoezi na mimi. Nilikuwa najitia mnene, yeye ananitukana, tunacheka.

Tukavuna. Baba akasema, "Mama watoto, dume nimepata mnunuzi. Lori la Isongole, la kutufikisha Ileje hospitali, linaondoka Jumatatu."

Mama akasema, "Na mtani akija akute nini?"

"Akute mtoto katibiwa, afurahi."

"Afurahi? Utakuwa umemtukana. Shida yake aliyoibeba mbele ya watu, wewe unamnyang'anya unampelekea Mzungu. Atasema hatukumwamini. Watani wote watasikia."

"Yule si mtani wetu, mwenzangu. Ukoo wake hatuujui hata."

"Kama si mtani, alimcheka mwanangu kwa nini?"

Baba akatoka kwenda kumfunga dume zizini. Swali hilo hata mimi leo, na mvi hizi, najiuliza.

Basi dume halikuuzwa. Msimu uliofuata baba akasema tena, ngoja ngoja huumiza matumbo. Mama akamjibu subira yavuta heri. Hivyo ndivyo walivyogombana, kwa methali, kwa sababu hawakuwa watu wa kupiga kelele mbele ya watoto. Baba alikuwa mpole mno, na mambo ya utani yalikuwa ya ukoo wa mama, akaona akiyaingilia ataharibu nyumba. Mdogo wangu aling'oa meno ya mbele, yakaota mapya. Akaanza shule, na ikawa anatoka nyumbani kabla ya wote na kufika baada ya wote. Sehemu ile anayokanyagia ikaota sugu nene, akaacha kupakwa mafuta. Ile michezo yetu ya kumpokea mtani iliisha siku moja tu hivi hivi, aliposema hataki tena.

Mtu anayeacha kiatu chake kichukuliwe wala hatumi hata mtoto kukiulizia, si mtani. Hilo mama angeliona mapema kama angependa kuliona. Viatu vile kule kwenye lori lao vilikuwa jozi ngapi, nani ajuaye.

Aliyetufumbua macho ni mjomba, mdogo wake mama wa kuzaliwa. Yeye alikwenda migodini kijana kabisa, na sasa alikuwa amekuja likizo na treni, kifua mbele, ana mablanketi, sukari, na suruali ya mpira wa kiunoni. Tulimwamkia shikamoo, akatushika mashavu, akamwona mdogo wangu katoka jikoni na sinia. Akaruka kwenye kiti.

"Ndiye huyu! Dada, mimi nawaambia watu kazini kila mwaka, yule ni mtoto wa dada yangu, hawaniamini! Mmekuwa watu wakubwa nyie, hamjui tu!"

Mama akauliza wakubwa wa nini.

Akasimulia. Kila mwaka siku ya mchango ikifika, kabla hawajaonyesha wachekeshaji wapya, wanakionyesha tena kile kipande cha viatu, kwa sababu watu wanakidai. Ukumbi wa wafanyakazi unajaa. Watu wanatoa hela wakishakiona. Kule ukimdai mtu fedha yako, akitaka kukukwepa anakujibu, "Nitakuja, mama, hata kesho!" na nyote mnacheka, deni limekwisha. "Na wanangu," mjomba akasema, akiwa na furaha yake yote, maskini, hakuwa na nia mbaya hata chembe, "wanangu wote wanaweza kutembea kama huyu. Mtaa mzima! Wanashindana nani anapatia." Akamgeukia mdogo wangu. "Hebu tembea kidogo mpaka mlangoni, mama, niwasimulie wenzangu kazini vizuri."

Mdogo wangu alikuwa na umri wa kutosha kuelewa. Aliweka sinia chini. Akakaa palepale kwenye mkeka, akalivuta gauni likafunika miguu, akabaki amekaa.

Mama akasema, polepole, "Na yeye mwenyewe yule mtani. Hajasema anakuja lini?"

"Mtani gani?"

"Aliyetembea kilema cha mwanangu. Viatu vyake vipo hapo darini."

Mjomba akatazama juu, akatazama chini. Kicheko kikamwisha usoni kidogo kidogo. "Dada," akasema. "Yule si mtani wa mtu. Ile ni kazi yake, analipwa mshahara kama mimi. Kila mji anaiga mtu. Mji mwingine aliiga kipofu anayetafuta fimbo."

"Aliahidi. Ahadi ni deni."

"Dada yangu, hiyo ahadi ndiyo wanayoipenda kuliko vyote."

Mama aliinuka. Akasonga ugali, akamchinjia mdogo wake kuku kama inavyostahili, akamnawisha mikono. Mjomba alikula kidogo sana. Alipokwisha kula, mama alipanda darini, akashusha gunia, akatoka nalo mpaka chooni nyuma ya nyumba. Nilisikia viatu vikigonga ukuta wa shimo vikishuka, kimoja, halafu kingine. Aliporudi akamwambia baba, "Lori la Isongole linaondoka lini?"

Baba aliuza dume kwa bei ya kutupa, kwa sababu mnunuzi alijua tuna haraka. Tulikaa juu ya magunia ya mbegu, mama, baba, mdogo wangu na mimi, barabara ile ya vumbi mpaka milimani, na kutoka lori lilipotushusha baba na mama walimbeba mdogo wangu kwa zamu. Alikuwa mkubwa, miguu inaburuta. Alikataa kubebwa, akalia, akabebwa.

Daktari alikuwa yule yule, nywele zimepungua. Alimlaza kitandani akaishika miguu, akaipinda taratibu, akaipinda tena kwa nguvu zaidi, mdogo wangu akauma midomo. Miguu haikusogea. Aligonga gonga mfupa kwa ukucha. Akachukua picha ya mfupa, akaitazama dirishani kwa muda mrefu. Muuguzi alikuwa mama wa makamo wa hukohuko milimani, na yeye ndiye aliyetutafsiria. Alisema kwamba mifupa imekwisha kujijenga hivyo ilivyo, na wakiivunja sasa anaweza asitembee kabisa. Angempa viatu vya ngozi laini vya kuzuia michubuko.

Daktari akaongeza swali, muuguzi akatutafsiria. "Anasema, aliwaambia mapema. Anauliza mlikuwa wapi miaka yote hii."

Baba akatazama kofia yake. Mama alikuwa ameinama anamfunga mdogo wangu vifungo vya gauni, na hakuacha kufunga.

"Mwambie tulikuwa tunamngoja ndugu yetu," akasema.

Muuguzi akamwambia. Daktari akatikisa kichwa, akaenda kunawa mikono, na sisi tukahamia kwenye benchi la nje kungoja kupimwa viatu.